Kiangazi kikikaza Chinongwe, maji ya mtoto yasiguswe

Septemba ikiisha, katika vijiji vingi vya Ruangwa na Nachingwea mkoani Lindi maji huanza kuhesabiwa kwa kata badala ya ndoo. Visima vifupi vimeshuka, vijito vimebaki mchanga, na foleni ya madumu kwenye pampu hupangwa kabla ya adhana ya alfajiri. Kata ya Chinongwe, wilayani Ruangwa, ipo ndani ya ukanda huu ambao kila mwaka husubiri mvua ya Novemba kama mfungwa anavyosubiri msamaha.

Wakati huo kila mama ana orodha yake kichwani: kipi kipunguzwe leo. Mara nyingi kinachokatwa kwanza ni kile kisicholalamika. Sufuria ikikosa maji, nyumba nzima itajua jioni. Mtoto asiponawishwa uso, hakuna atakayeuliza. Baba asiponawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka chooni, ugali utaliwa vilevile.

Lakini maradhi ya kiangazi hupenya kwenye vitu hivyohivyo vilivyokatwa kimyakimya. Ndiyo maana mzazi anahitaji kujua mambo mawili: kwa nini maji yanaadimika, na yakiadimika yagawanywe vipi ili mtoto asiwe wa mwisho.

Mvua ipo, maji hayapo

Ruangwa na Nachingwea si jangwa. Mwaka wa kawaida mvua hufikia kati ya milimita 800 na 1,000. Tatizo la kwanza ni mpangilio wake. Wakati Tanga na Dar es Salaam hupata vuli na masika, Lindi ina msimu mmoja tu, unaoanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au Mei. Mvua ikikata, kaya inaingia nusu mwaka bila tone la uhakika. Msimu ukichelewa wiki tatu, wiki hizo tatu huongezwa kwenye mwisho wa kiangazi, wakati jua ni kali na visima vimechoka.

Hata mvua kubwa si dawa. Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilileta mvua nyingi na mafuriko pwani ya kusini, hadi barabara ya Lindi kwenda Dar es Salaam ikakatika. Maji ya namna hiyo hupita kwa kasi, hubeba udongo na kuishia Bahari ya Hindi. Asiyeyakinga Mei hayaoni Oktoba.

Sababu ya pili iko chini ya miguu. Sehemu kubwa ya eneo hili imekaa juu ya miamba migumu ya kale, ileile inayobeba madini ya kinywe yaliyoipa Ruangwa jina miaka ya karibuni. Mwamba wa aina hiyo haunyonyi maji kama sifongo. Maji hukaa kwenye nyufa na kwenye tabaka la juu lililomomonyoka. Ndiyo maana visima viwili vinaweza kuchimbwa jirani, kimoja kikatoa maji na kingine kikatoa vumbi. Kisima kifupi nacho hutegemea mvua ya msimu uliopita: ikiwa haba, kinakauka mapema.

Sababu ya tatu ni ya kihistoria. Wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970, watu walikusanywa, mara nyingi kandokando ya barabara, ili shule na zahanati ziwafikie. Waliohama kutoka kwenye mabonde waliacha nyuma vyanzo vyao vya maji. Ahadi ilikuwa kwamba maji yatafuata: mpango wa taifa wa mwaka 1971 ulilenga kila mwananchi apate maji ndani ya mita 400 ifikapo 1991. Lengo hilo halikufikiwa.

Si kwamba hakikufanyika kitu. Finland ilifadhili mradi mkubwa wa maji vijijini katika mikoa ya Mtwara na Lindi hadi mwaka 1993, na pampu za mkono zikafungwa vijiji kwa vijiji. Lakini pampu ni kama baiskeli: isipotiwa mafuta na kubadilishwa vipuri, hufa. Kijiji kisipokuwa na mfuko wa maji wala fundi, mpira wa bei ndogo ukikatika unaweza kurudisha kina mama kwenye dimbwi.

Sababu ya nne inatoka mikononi mwetu. Miti inakatwa kandokando ya vijito kwa ajili ya mashamba ya ufuta, mkaa na kuchoma tofali. Ardhi ikibaki uchi, mvua inateleza juu badala ya kuzama. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye kingo za mto na vyanzo vya maji, lakini mita hizo 60 ndizo zenye rutuba, na ndizo zinazolimwa kwanza.

Hesabu ya kaya ya watu sita

Sera ya Maji ya mwaka 2002 iliweka kipimo cha kijijini: lita 25 kwa mtu kwa siku, kutoka kituo kisichozidi mita 400, na kituo kimoja kwa watu 250. Kaya ya watu sita ingehitaji lita 150, yaani madumu saba na nusu ya lita 20. Kila dumu lililojaa lina uzito wa kilo 20 na zaidi kidogo.

Chanzo kikiwa mbali, kaya hiyo huweza kuambulia madumu matatu. Lita 60 kwa watu sita ni lita 10 kila mmoja. Toa maji ya kunywa, toa ya kupika, toa ya kuosha vyombo. Kinachobaki ni kidogo mno, na bango la zahanati linalosema "nawa mikono kwa maji tiririka na sabuni" huonekana kama limeandikwa kwa watu wa mjini.

Macho, tumbo na ngozi

Ugonjwa unaoonyesha wazi gharama ya uso usionawishwa ni trakoma, ambao wengi huuita vikope. Mikoa ya kusini, Lindi na Mtwara, imekuwa miongoni mwa maeneo yaliyolengwa na kampeni za kuutokomeza. Bakteria wake husambaa kwa mikono, kanga na taulo za kushirikiana, na kwa nzi wanaotua kwenye tongotongo na kamasi za mtoto mmoja kisha kuhamia kwa mwingine.

Mtoto akiambukizwa tena na tena, ngozi ya ndani ya kope hupata makovu. Miaka ikipita, kope hujikunja ndani na nywele zake hukwaruza jicho hadi upofu. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, wanawake hupofuka kwa ugonjwa huu hadi mara nne zaidi ya wanaume, kwa kuwa ndio wanaokaa na watoto wenye maambukizi.

Habari njema ilitoka wilaya nyingine kavu ya Tanzania, Kongwa mkoani Dodoma. Katika utafiti ulioongozwa na Sheila West wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins na kuchapishwa katika jarida la Lancet mwaka 1995, vijiji vyote vilipewa dawa ya macho, na baadhi vikaongezewa kampeni ya kuwanawisha watoto nyuso. Katika vijiji vya kampeni, trakoma kali ilipungua zaidi. Kongwa haikuwa imepata mvua mpya. Kilichobadilika ni mgawo wa maji yaleyale.

Kuhara ni hatari ya pili, na huua haraka zaidi. Maji ya dimbwi yanayonywewa pia na mifugo, mikono isiyonawiwa na chombo kilichoachwa wazi hupeleka vijidudu moja kwa moja tumboni. Ngozi nayo hupata upele, na watoto wanaooga au kufua kwenye madimbwi yenye konokono wanaweza kupata kichocho.

Cha kukata na kisichokatwa

Mgawo ukibana, matumizi manne yawekwe pembeni kwanza asubuhi, kabla ya kupika na kufua.

La kwanza ni maji ya kunywa. Yahifadhiwe kwenye chombo chenye mfuniko, na ikiwezekana chenye koki, kwa sababu kata inayoingia na kutoka huingiza uchafu wa mikono. Yachemshwe hadi yatokote, au yatiwe dawa ya klorini kwa kufuata maelekezo ya pakiti. Kuni zikiadimika, maji maangavu yanaweza kuwekwa kwenye chupa safi za plastiki zinazopitisha mwanga na kulazwa juu ya bati juani kwa saa sita, au siku mbili kukiwa na mawingu. Maji ya tope yaachwe yatulie na kuchujwa kwa kitambaa safi kwanza.

La pili ni nyuso za watoto, asubuhi na jioni. Kikombe cha robo lita kinatosha nyuso mbili au tatu, maji yakimiminwa kidogokidogo kwenye kiganja. Kila mtoto awe na kitambaa chake.

La tatu ni mikono: baada ya choo, baada ya kumsafisha mtoto, kabla ya kupika na kabla ya kula. Kibuyu chirizi, yaani dumu dogo lililotobolewa na kuning'inizwa kwa kamba ya kukanyaga, hutoa maji kidogo tu kila mara na mtoto wa chekechea anaweza kukitumia.

La nne ni maji ya binti aliye kwenye hedhi. Akikosa ya kujisafisha, atakosa shule.

Kinachoweza kukatwa ni kufua kila siku na kusuuza mara tatu. Maji ya kuoshea mboga yaende kwenye mche wa mpapai, ya kufulia yasafishe choo.

Mtoto wa chini ya miezi sita hahitaji maji hata joto likizidi. Maziwa ya mama yanatosha. Anayepaswa kunywa zaidi ni mama mwenyewe. Mtoto akiharisha, apewe ORS, pakiti moja kwenye lita moja ya maji salama, pamoja na vidonge vya zinki, na aendelee kunyonya au kula. Macho yakiingia ndani, akilegea, akishindwa kunywa, au choo kikiwa na damu, apelekwe kituo cha afya mara moja.

Paa la bati ni kisima

Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Nyumba yenye paa la mita sita kwa tano ina mita za mraba 30. Kwa mvua ya milimita 800, hizo ni lita 24,000 kwa msimu. Hata zikimwagika sehemu moja ya tano, zinabaki zaidi ya lita 19,000, ambazo kwa nyumba nyingi huishia kuchimba shimo chini ya kibaraza.

Kaya ya watu sita ikitenga lita nne kwa kila mtu kwa ajili ya kunywa, uso na mikono, hutumia lita 24 kwa siku. Tangi la lita 5,000 lililojaa mvua inapokata litafika siku 200 na ushee, yaani kiangazi chote. Pipa la lita 200 halitafika mbali hivyo, lakini wiki moja ya ziada mwezi Oktoba si haba.

Mvua za mwanzo ziachwe zioshe paa. Tangi lifunikwe na mdomo wake uwekewe wavu, mbu wasizaliane. Maji hayo nayo yatibiwe kabla ya kunywa.

Bei ya tangi na gata si ndogo, lakini kalenda iko upande wa mkulima. Minada ya korosho ya chama kikuu RUNALI, kinachounganisha Ruangwa, Nachingwea na Liwale, huanza Oktoba, wiki chache kabla ya mvua. Fedha ya korosho ina wengi wanaoiwinda, kuanzia pikipiki hadi ngoma za unyago. Gata lipewe nafasi ya mapema. Asiyeweza peke yake anaweza kupitia VICOBA: wanachama wananunuliana tangi kwa zamu, kama upatu.

Dumu halina jinsia

Kuteka maji kumekuwa kazi ya mama na binti kwa sababu ya mazoea, si ya mabavu ya mwili. Mjamzito anayebeba kilo 20 kichwani anajichosha pasipo lazima, na mtoto anayefika shuleni saa nne amekwisha kosa hesabu. Nyumba yenye baiskeli inaweza kubeba madumu matatu au manne kwa safari moja ya baba au kijana wa kiume. Foleni ya usiku nayo si mahali pa kumtuma binti peke yake.

Kile ambacho kaya haiwezi

Pampu iliyokufa na kisima kilichokauka havitatuliwi na mama mmoja. Tangu Julai 2019, maji ya vijijini yako chini ya Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, na sheria ya mwaka huo imeweka vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii vinavyosimamia miradi na kukusanya michango.

Vyombo hivyo ni vya wananchi, na mkutano mkuu wa kijiji ndipo pa kuvihoji. Mzazi akienda kikaoni kabla ya kiangazi, aende na maswali matatu: mfuko wa maji una shilingi ngapi, fundi wa pampu ni nani, na nani analima ndani ya mita 60 za chanzo chetu? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari wa kikao. Oktoba ikifika, patakuwa na mtu wa kuulizwa.