Jicho la Mbwa Likigeuka Buluu

Askari anayeongoza mbwa hukagua silaha yake kila asubuhi, lakini uso wa mbwa wake huutupia jicho tu na kupita. Sisi twaona kwamba uso huo nao wastahili ukaguzi, kwani mnyama huyo hana ulimi wa kueleza maumivu yake.

Si kila ajabu ni ugonjwa. Mjini Kampala tumewaona mbwa wenye jicho moja la kahawia na jingine la buluu. Aliyezaliwa hivyo hahitaji dawa. Mbwa wa aina ya boksa, ambaye taya lake la chini hutokeza mbele, ndivyo ukoo wake ulivyo. Mvi za kinywani ni za umri, kama zetu. La kushughulikiwa ni lile ambalo jana halikuwako.

Jicho lililokuwa angavu likifunikwa na ukungu wa buluu au mweupe, na uso ukavimba, hasa kwa mbwa aliyefuatana na doria katika vichaka vya Busoga au kando ya Ziwa Viktoria, mpelekeni kwa daktari wa mifugo apimwe damu. Huenda mbung'o amemtia vijidudu vya nagana, jamaa ya vile viletavyo malale kwa binadamu. Historia ya jambo hili ni ya nchi yetu: ilikuwa Entebbe, mwaka 1903, ambako Castellani alitangaza kuviona vijidudu hivyo katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa wa malale, na Bruce na wenzake wakamtambua mbung'o kuwa ndiye mwenezaji. Mbwa naye aweza kubeba aina ileile imwambukizayo mtu kusini-mashariki mwa Uganda, kwa hiyo shauri hili si la mnyama peke yake.

Wapo wanaonunua dukani dawa ya ng'ombe na kumchoma mbwa sindano kwa kukisia. Hilo ni kosa kubwa. Diminazini ikizidi kipimo huweza kuharibu ubongo wa mbwa. Tena vijidudu vikiisha kuingia ubongoni, dawa hiyo haivifikii vema. Mwacheni daktari apime uzito na kuchagua dawa.

Uvimbe wa upande mmoja, chini ya jicho, mara nyingi ni usaha wa mzizi wa gego la juu. Kupaka mafuta ya macho hakufai kitu. Jino ndilo litibiwalo au ling'olewe. Uso ukivimba wote kwa ghafla, shukuni nyuki au nyoka, wala msingoje kesho. Damu ya puani isiyo na jeraha yaweza kutokana na homa ya kupe, au uvimbe ulio ndani ya pua, na mbwa wa kunusa asiye na pua nzima hana kazi.

Lakini taya likilegea na kuning'inia, mate yakitiririka na sauti ikabadilika, msitie mkono kinywani mkidhani amekwamwa na mfupa. Huenda ni kichaa cha mbwa. Mfungieni peke yake, mwarifuni mkubwa wenu, mwiteni daktari. Aliyeumwa, au aliyeingiwa na mate penye mchubuko, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku ileile kwa ajili ya chanjo, hata kama mbwa huyo ana cheti cha kuchanjwa.