Walimu tusisubiri mtoto afeli ndipo tumwonyeshe mwiko

KILA mwaka matokeo ya mtihani wa taifa wa darasa la tisa yanapotangazwa hapa Burundi, maneno ni yaleyale mitaani: aliyefaulu anaendelea na masomo, aliyeshindwa akajifunze ufundi. Hakuna anayeshituka, kwa kuwa ndivyo tulivyozoea. Mwashi, seremala, fundi bomba na fundi umeme, wote tumewatia katika kapu moja la walioshindwa. Lakini mtu huyohuyo anapotaka kujenga nyumba yake, anatafuta fundi aliye bora kuliko wote. Swali langu ni hili: fundi bora tutampata wapi, ikiwa kila mwaka tunamchagua kwa sifa ya kufeli?

Ninafundisha hisabati Nyanza-Lac, kusini mwa nchi, katika eneo ambalo tangu mwaka 2025 limo katika mkoa mpya wa Burunga. Wanafunzi wangu wengi wanatoka katika familia zilizorejea kutoka Tanzania, kama yangu. Katika miaka ya 2008 na 2009 watu zaidi ya 50,000 walirudi kutoka makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wengi walikuwa wakimbizi wa mwaka 1972 na watoto wao. Walikuta mashamba yao yanalimwa na wengine. Wako waliogawana, na wako waliobaki mikono mitupu.

Mtoto wa familia hiyo hana shamba la kurithi linaloweza kumlisha. Akikosa shamba na akakosa kazi, atabeba mizigo ya watu mpakani Mugina mpaka mgongo uchoke. Ufundi ni shamba ambalo hakuna atakayelidai mahakamani. Hata hivyo, ni lazima liwe shamba kweli. Kuna tofauti kubwa kati ya fundi na saidia fundi. Wote wawili wanashinda juani, lakini mmoja anasoma mchoro na kupatana bei, na mwingine anabeba maji na kusubiri kuambiwa.

Hisabati ya zege

Tofauti hiyo inaanzia darasani. Wanafunzi wa darasa la nane huniuliza kanuni ya Pythagoras itawafaa nini. Ninawapa kamba na vigingi, tunatoka uwanjani. Wanapima mita 3 upande mmoja, mita 4 upande wa pili, kisha wanahakikisha kwamba mshazari unakuwa mita 5 kamili. Hapo kona imekuwa mraba. Waashi wetu wanaifanya kazi hiyo kila wanapochora msingi, hata wale ambao hawajapata kulisikia jina la Pythagoras.

Kisha tunakwenda kwenye sakafu. Chumba cha mita 4 kwa mita 3, zege la unene wa sentimita 10, ni mita za ujazo 1.2. Mchanganyiko ni saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne. Mwanafunzi anayegawanya harakaharaka hupata mifuko 5 ya kilo 50. Akinunua hiyo mitano, zege litaishia katikati ya chumba. Mchanga na kokoto vikiwa vikavu vina nafasi nyingi za hewa. Vikichanganywa na maji vinashuka. Kwa hiyo ujazo wa vitu vikavu uwe mara moja na nusu hivi ya zege linalotakiwa. Hesabu sahihi ni karibu mifuko 8.

Mifuko 3 iliyosahauliwa ni hasara ya mtu mwenye jina. Mwenye nyumba akiishiwa saruji, fundi asiye mwaminifu huongeza mchanga na maji. Zege linaloanza vibaya namna hiyo halitaponywa na kitu chochote, hata likinyweshwa maji kwa siku 7 kama inavyotakiwa. Maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda mwaka 2024 na kuingia katika nyumba za Gatumba na Rumonge, tuliona wenyewe jinsi ukuta dhaifu unavyoaga mapema. Basi mtu asiniambie kwamba kazi hii ni ya wasio na akili.

Mwiko, timazi na Kifaransa

Kikwazo cha pili ni lugha. Mtoto wa aliyerejea anazungumza Kirundi nyumbani, Kiswahili sokoni, na mtihani anaukuta kwa Kifaransa. Anajua timazi ni nini kwa sababu ameishika, lakini karatasi inamwuliza habari za fil à plomb. Anajua mwiko, wanamwandikia truelle. Anakosa alama kwa kifaa anachokitumia kila likizo.

Dawa yake haihitaji fedha. Katika darasa langu tumebandika ukutani orodha ya vifaa vya ujenzi kwa lugha tatu, na kila wiki wanafunzi wanaongeza maneno. Wanaoijaza zaidi ni wale waliokuwa wakikaa kimya.

Mzazi naye ana neno

Mwaka mmoja msichana wa darasa la tisa, hodari wa hesabu, aliniambia anataka kuchagua ujenzi katika shule ya ufundi. Baba yake, mfanyabiashara wa dagaa anayevuka kwenda Manyovu, alikuja shuleni amekasirika. Alinieleza kwamba hakurudi nchini kwake ili binti yake apakwe udongo. Sikubishana naye. Nilimwomba, kwa kuwa yeye ni mtu wa mpakani na anazijua bei za mabati, misumari na nondo, akae na binti yake wapige hesabu ya nyumba ya vyumba viwili. Walikaa mpaka usiku. Binti alimwonyesha mahali ambapo fundi wao wa zamani alikuwa amewapunja.

Msichana yule alifaulu na akachagua ujenzi. Baba yake hajasema kwamba amefurahi, ila nauli ya binti anailipa yeye mwenyewe.

Jambo la kushika hapa ni wakati. Binti yule alichagua kabla ya mtihani, alipokuwa bado na milango yote mbele yake. Angeambiwa habari za ujenzi baada ya kufeli, angeipokea kama adhabu.

Cheti na mpaka

Majirani zetu hawakulala. Tanzania ina VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na fundi aliyejifunzia kazini anaweza kupimwa ujuzi wake akapewa cheti. Tangu Januari 2024 mtaala wao mpya wa sekondari umeweka mkondo wa amali kando ya mkondo wa jumla, kuanzia kidato cha kwanza. Soko la pamoja la Afrika Mashariki limekuwapo tangu Julai 2010, lakini kila nchi ina orodha yake ya kazi ilizozifungulia wageni, na vibali bado vinaulizwa. Fundi asiye na karatasi atavuka kama kibarua na kulipwa kama kibarua, hata mkono wake uwe mzuri namna gani.

Na kazi inakuja mlangoni kwetu. Mwezi Agosti 2025 ilizinduliwa huko Musongati, katika mkoa wetu huuhuu, reli ya kisasa ya kwenda Uvinza, yenye urefu wa kilomita 282. Reli inataka madaraja, makalvati na stesheni. Vijana wetu watakuwa wakifunga nondo na kusoma michoro, au watakuwa wakibeba maji?

Walimu wenzangu, tuwapeleke watoto kwenye majengo wakiwa darasa la saba, na tumwalike fundi mwenye sifa aje kusimama mbele ya ubao wetu. Wazazi, msiseme mtoto amepotea kwa kuwa ameshika mwiko. Ulizeni kwanza kama anajifunza kwa cheti. Wakuu wa shule, wapelekeni shule za ufundi hata wale wanaoongoza darasani. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi ufa tunauona kila mwaka matokeo yanapobandikwa.