Ukitaka kuwahi dabi kutoka Mtera, anza na pangaboi

BEREGA haina ziwa. Ukiiacha barabara kuu ya Morogoro kwenda Dodoma na kuingia huko Kilosa, unakutana na milima, mahindi, ile hospitali ya misheni na vijiwe ambavyo Simba na Yanga zinajadiliwa asubuhi mpaka usiku. Mtu wa huku akitaka bwawa la maana la kuvulia kwa boti, moja la kufikiria ni Mtera, mpakani mwa Dodoma na Iringa.

Tuseme vijana watatu wa Berega wamejichanga, wakapata boti ya mbao na mashine ya farasi 15. Jumamosi ni dabi, mpira saa 11 jioni. Boti ina nyavu, barafu, samaki na watu watatu, na kila mmoja anataka kuwa mbele ya televisheni kabla kipenga hakijalia. Mafuta yapo, mashine inanguruma, lakini boti inajikokota kama beki aliyetoka majeruhi. Lawama zote zinakwenda kwa mashine, kama kocha anavyolaumiwa timu ikifungwa.

Mara nyingi mashine haina kosa. Tatizo ni rafadha, lile pangaboi la nyuma ambalo wavuvi wengi huliita propela.

Propela huandikwa namba mbili, kwa mfano 9¼ x 9. Ya kwanza ni upana wa duara linalochorwa na mapanga yake, kwa inchi. Ya pili ni pichi, na siyo ile pichi ya Uwanja wa Benjamin Mkapa. Pichi 9 maana yake, kama maji yangekuwa magumu kama ubao, kila mzunguko mmoja ungeisogeza boti inchi 9, karibu sentimita 23. Maji yanateleza, kwa hiyo hupati zote.

Bodaboda wa Berega hili analijua bila darasa. Panda mlima na abiria wawili kwa gia ya nne uone pikipiki inavyokohoa. Pichi kubwa ni gia ya juu: inafaa boti nyepesi kwenye maji tulivu. Boti ya mzigo inataka pichi ndogo. Hapo ndipo wapenda mwendo wanapopigwa chenga, maana wananunua namba kubwa wakidhani wamesajili winga, kumbe wamejibebesha mzigo.

Kipimo kipo. Pakia boti kama siku ya kazi, fungua mafuta mpaka mwisho, kisha fundi asome mizunguko ya mashine kwa dakika na kuilinganisha na kitabu chake. Ikishindwa kufika, shusha pichi. Kila inchi moja huongeza mizunguko kama 150 hadi 200. Ikipitiliza, pandisha. Mashine inayolemewa kila siku inakunywa mafuta na kufa mapema, na hiyo ni hela ya ada ya mtoto.

Mtera ina balaa lake. Bwawa lilipojaa, miti ilizama na kufa imesimama, na visiki hivyo vinamsubiri mtu mpaka leo. Propela ya chuma kisichoshika kutu ni ngumu, lakini ikigonga kisiki, kishindo kinaweza kuingia kwenye gia. Ya aluminiamu inapinda, na ikiwa haijaharibika sana fundi anainyoosha. Mashine nyingi ndogo zina pini inayokatika ili kuokoa gia. Anayeweka msumari mgumu mahali pa pini ni sawa na kipa anayecheza bila glovu fainali. Na pini ikikatika katikati ya bwawa lenye mamba na viboko, nani anashuka kwenye maji kutengeneza? Pini za akiba, koleo na kasia visibaki nyumbani.

Nyuzi za nyavu nazo hujisokota kwenye shafti na kukata sili. Vua propela mara kwa mara uangalie. Oili ya gia ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia.

Kuna pia mota za betri. Upande wa Kenya wa Ziwa Victoria wavuvi wameshaanza kutumia umeme. Zile ndogo za kusogea taratibu ili samaki wasishtuke huwa na mapanga mawili au matatu. Mawili hupendwa kwa mwendo, matatu yaliyopinda kurudi nyuma hupita vizuri kwenye magugu. Ila hesabu betri: mota inayovuta ampea 50 itaimaliza nusu ya betri ya ampea-saa 100 ndani ya saa moja, na betri ya asidi haitakiwi kushuka zaidi ya hapo.

Vijana wetu watatu, kama wana pichi 11, wajaribu 9. Redio ndogo nayo iwekwe kwenye boti, upepo ukiwachelewesha wasikose bao la mapema.