Je, Wajua? Chipu ya 1971 Bado Inatoka Kiwandani

Chipu iitwayo 555, aliyoibuni mhandisi Hans Camenzind mwaka 1971 na iliyoingia sokoni 1972, inatengenezwa hadi leo. Ni kidude cheusi chenye miguu minane, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Kazi yake ni kupima muda: iunganishe na rezista mbili na kapasita moja, na taa itawaka na kuzimika kwa mwendo unaoutaka, bila programu yoyote. Inastahimili volti 4.5 hadi 16. Chipu nyingi za kisasa zingeungua kwenye volti 12 za betri ya gari.

Lakini sababu nzito zaidi ya chipu kongwe kuendelea kutengenezwa ni mashine zinazozitegemea. Kifaa cha hospitali au cha ndege kikishaidhinishwa, kubadilisha kipande kimoja tu kwaweza kulazimu vipimo vianze upya, na gharama hiyo huipita mbali bei ya chipu yenyewe. Mitambo ya kutengeneza chipu hizo nayo ililipiwa zamani.

Si chipu kongwe zote zenye bahati hiyo. Chipu ya kompyuta iitwayo Z80, iliyozaliwa 1976, ilifungiwa oda za mwisho Juni 2024.