Kuezeka Upya Chumba cha Vioo: Ruhusa ni Mbili

Katika nchi ya Uingereza nyumba nyingi zina chumba cha vioo kilichoongezwa upande wa nyuma. Humo watu huota jua bila kupigwa na upepo. Lakini wakati wa joto chumba hicho huwaka kama tanuri, na wakati wa baridi hakikaliki. Kwa hiyo wengi huondoa paa la vioo na kuezeka kwa mbao na vigae.

Je, mwenye nyumba aweza kufanya hivyo apendavyo? Sivyo. Yampasa kutazama sheria mbili.

Ya kwanza ni sheria ya mipango. Tangu tarehe 1 Julai 1948, karibu kila jengo jipya huombewa ruhusa huko. Hata hivyo, amri ya mwaka 2015 huwasamehe wenye kujenga kidogo nyuma ya nyumba. Kati ya masharti yake: paa la chumba kisicho na ghorofa lisizidi meta 4 kwenda juu, na kama chumba kiko chini ya meta 2 kutoka mpaka wa jirani, kingo za paa zisizidi meta 3. Tena vigae vifanane kwa sura na vile vya nyumba. Majumba ya kale yaliyoandikwa katika orodha ya serikali yana ulinzi wake, hayaguswi bila kibali.

Ya pili ni sheria ya uimara. Chumba cha vioo chenye eneo lisilofika meta za mraba 30, kilichotengwa na nyumba kwa mlango imara, kwa kawaida hakikaguliwi. Kikiezekwa paa zito, msamaha huo hukoma. Kwa nini? Kwa sababu msingi na nguzo zake viliwekwa kubeba vioo tu. Mkaguzi hupima kama vitauhimili uzito mpya, na kama paa lazuia baridi ipasavyo. Kazi ikiwa njema, hutolewa cheti.

Wako wanaodhani kwamba aliyesamehewa na sheria ya kwanza amesamehewa na ya pili pia. Hao hujidanganya. Siku ya kuuza nyumba, wakili wa mnunuzi hudai cheti, nacho hakipo. Tena hasara ya fedha ni ndogo kuliko hatari yenyewe: ukuta ukipasuka, paa litawaangukia watu wa nyumbani. Basi msingi upimwe kwanza, ndipo fundi apande juu.