Wapo Darasani, Hawapo Katika Orodha

Mwalimu mmoja wa shule ya msingi katika eneo la Jego alinionyesha orodha mbili zilizonitia fadhaa. Ya kwanza ilikuwa sajili ya kawaida ya darasa, ile ambayo kila mwalimu huanza nayo asubuhi kwa kuita majina, nayo ilikuwa imechakaa pembe kwa kushikwashikwa. Ya pili ilikuwa karatasi zilizochapwa kutoka katika tarakilishi, zenye majina ya wanafunzi waliokwisha kuingizwa katika mfumo wa Wizara ya Elimu. Akaweka kidole juu ya jina moja katika sajili, kisha akanitaka nilitafute katika zile karatasi. Nilitafuta, nikarudia tena, sikuliona. Akaniambia kuwa msichana huyo humfundisha kila siku, humsahihishia madaftari yake, na katika hisabati hana mshindani darasani. Ila kwa Wizara hayupo.

Sababu yake ni fupi. Msichana hana cheti cha kuzaliwa. Alizaliwa nyumbani mikononi mwa mkunga, na mama yake hakuwa na kitambulisho cha kitaifa cha kupeleka kwa naibu wa chifu ili uzazi ule uandikwe. Mama hakuwa nacho kwa kuwa wazazi wake nao hawakuwa nacho, na hao walikuwa wana wa wavuvi waliotoka kisiwa cha Pemba wakatia nanga pwani hii kabla ya Kenya kupata bendera yake. Kwa hiyo, deni la karatasi ambalo babu hakulipa ndilo analodaiwa mjukuu leo, akiwa ameshika kalamu.

Msomaji ambaye hajafika kusini ya Lunga Lunga huenda akadhani kwamba habari hizi ni za watu wachache waliojificha. Sivyo. Huku ni nchi ya Wadigo, na huko Vanga kuna Wavumba ambao mji wao wa kale, Vumba Kuu, ulikuwa na watawala wake karne nyingi kabla ya afisi yoyote ya usajili kujengwa. Mto Umba unaoteremka kutoka milima ya Usambara huingia baharini papa hapa. Mwaka 1886 Waingereza na Wajerumani walikubaliana, wakiwa mbali kabisa na mikoko hii, kwamba mstari wa kugawa milki zao uanzie mdomo wa mto huo. Mwaka 1893 wakaurekebisha uanzie Ras Jimbo. Hakuna aliyekwenda kumwuliza Mdigo kwamba shamba lake liko upande gani. Tangu hapo watu wameendelea kuoana, kuzikana na kulimiana huku na huku, na mstari ukabaki katika ramani hadi siku mtu anapohitaji kitambulisho. Siku hiyo ndipo mstari unapopita katikati ya nyumba yake.

Wapemba hawakuwa peke yao. Wamakonde walioletwa kutoka Msumbiji na Tanganyika kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa waliishi Kwale miongo na miongo, wakazaa na kuzika hapa, bila kuhesabiwa kuwa raia. Sheria ya Uraia na Uhamiaji ya mwaka 2011 iliwafungulia mlango watu wasio na uraia ambao wamekuwa nchini tangu tarehe 12 Desemba 1963, lakini mlango ukiwa wazi si hoja ikiwa hakuna anayekuelekeza ulipo. Oktoba 2016 Wamakonde waliamua kufunga safari ya miguu kutoka Kwale kuelekea Ikulu ya Nairobi. Rais Uhuru Kenyatta akaamuru wasajiliwe kabla ya mwaka kwisha, na vitambulisho vikaanza kutolewa. Wapemba walisubiri zaidi. Ni Januari 2023 ndipo walipotambuliwa katika gazeti rasmi la Serikali, na Julai mwaka huo Rais William Ruto akawakabidhi vitambulisho huko Kilifi.

Nakumbuka furaha ya siku zile, na sina nia ya kuipunguza. Mvuvi ambaye alilazimika kuandikisha chombo chake kwa jina la jirani, na kuomba namba ya simu ya mtu mwingine ili apokee fedha za samaki wake mwenyewe, aliweza hatimaye kusimama kwa jina lake. Lakini tangazo la Ikulu hushuka kutoka juu, na kuandikwa kwa mtoto hupanda kutoka chini. Mama akishapata kitambulisho leo, watoto wake aliowazaa kabla ya hapo bado hawana vyeti. Kila mmoja ni lazima aombewe kwa utaratibu wa waliochelewa, maana sheria imeweka miezi sita tangu mtoto azaliwe, na baada ya hapo ushahidi hudaiwa zaidi na nauli huongezeka. Baba mmoja alinieleza jinsi alivyorudishwa mara tatu na afisi moja, mara ya kwanza kwa kukosa barua, mara ya pili kwa kuwa jina la mkewe limeandikwa kwa herufi tofauti katika karatasi mbili, na mara ya tatu kwa kuwa mhusika hakuwako. Kila safari ilimla siku nzima ya kazi. Baada ya hapo alikata tamaa, na mimi sikuthubutu kumlaumu.

Tuingie sasa katika hesabu, kwa sababu walimu wanaosoma safu hii wanajua kwamba hapo ndipo penye mwiba. Mfumo wa NEMIS ulipoanzishwa mwaka 2017, kila mwanafunzi alitakiwa apewe namba yake ya pekee, na namba hiyo ikategemea cheti cha kuzaliwa. Baadaye mgao wa fedha za Serikali ukafungamanishwa na namba hizo. Kiwango rasmi cha shule ya msingi kimekuwa shilingi 1,420 kwa mtoto mmoja kwa mwaka. Chukulia shule yenye watoto 30 wasio na namba: shule hiyo hukosa shilingi 42,600 kila mwaka, ilhali watoto 30 wameketi madarasani, wanatumia chaki, wanahitaji vitabu, na wanakwenda choo kilekile. Ni dhahiri kwamba upungufu huo hauwaangukii wale 30 pekee. Mwenzao aliye na cheti husoma kitabu kimoja na watoto wanne kwa sababu ya karatasi isiyokuwa yake wala hakuidaiwa.

Hapa ndipo mwalimu mkuu anapotiwa katika jaribu asilostahili. Mtoto asiye na namba ni mzigo katika bajeti yake. Asipokuwa na moyo, atamwambia mzazi amrudishe mtoto nyumbani hadi cheti kipatikane. Hakuna sheria iliyomtuma afanye hivyo. Ni hesabu tu iliyomsukuma. Kinyume chake, Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, na haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamfanya mzazi asiyempeleka mtoto shuleni kuwa mkosaji. Basi mzazi wa Jego yuko baina ya mkono wa Serikali unaomsukuma mtoto aingie darasani na mkono mwingine wa Serikali hiyohiyo unaoizuia fedha ya kumfundisha huyo mtoto.

Nitaambiwa, na kwa haki, kwamba cheti hudaiwa ili kuwafichua wanafunzi hewa. Sikatai. Fedha za watoto zimeliwa na watu wenye tamaa walioandika majina ya makaburini, na Serikali isiyohesabu ni Serikali inayoibiwa. Vilevile mpaka unahitaji kulindwa. Lakini mwanafunzi hewa ni yule aliye katika orodha na hayumo darasani. Mtoto huyu wa Jego yumo darasani na hayumo katika orodha. Ni kinyume kabisa cha uovu unaotafutwa, na dawa ya ugonjwa mmoja haiwezi kunyweshwa mgonjwa wa mwingine. Mkaguzi akitaka kujua kama mtoto yupo, na aje asubuhi, asimame mlangoni, ahesabu vichwa.

Wazee wa fani yetu watakumbuka kwamba mwaka 2003 ada zilipofutwa katika shule za msingi, watoto walifurika, na idadi yao ikapanda kutoka milioni 5.9 hadi milioni 7.2. Mwaka 2004 Mzee Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza akikadiriwa kuwa na umri wa miaka 84, na ulimwengu mzima ukampigia makofi. Umri wake ulikuwa wa kukadiriwa tu! Sijui ni kwa nini babu yule aliaminiwa kwa uso wake, na mjukuu wa miaka kumi haaminiwi.

Februari 2025, Rais Ruto akiwa Wajir alitia saini tangazo la kukomesha ule msasa wa ziada waliofanyiwa wakazi wa kaunti za mpakani kila walipoomba vitambulisho. Ni hatua njema, na itawafaa watu wazima. Kwa watoto, naona jambo rahisi zaidi. Chanjo hazingoji mtoto azifuate mjini. Huletwa shuleni, na siku hiyo wote hupanga foleni. Msajili naye na aje na muhuri wake, akae chini ya mwembe pamoja na naibu wa chifu, mkunga na mwalimu, ambao baina yao wanamjua kila mtoto na usiku aliozaliwa. Wizara imekuwa ikitayarisha mfumo mwingine, KEMIS, uchukue nafasi ya NEMIS. Na huu ndio wakati wa kuuliza, kabla haujakomaa: je, namba itatangulia mtoto, au mtoto atatangulia namba? Sajili ya mwalimu, iliyothibitishwa na mkaguzi kwa macho yake, ingetosha kumlipia mtoto huku cheti chake kikitafutwa.

Kabla sijaondoka Jego nilikaa nyuma ya darasa lile. Kengele ilikuwa imegongwa, vumbi la uwanjani halijatua. Mwalimu akafungua sajili yake iliyochakaa akaanza kuita majina, moja baada ya jingine, hadi akafika pale alipokuwa ameweka kidole. Msichana akasimama, akavuta sketi yake vizuri, akajibu kwa sauti: "Nipo, mwalimu." Mwalimu akatia alama ya wino, akaita jina lililofuata.