Siku ya 365

Kijana aliketi mbele yangu ameshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Alizaliwa Kivu ya Kusini, akakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na sasa ana miaka miwili Marekani. Karatasi ilitoka mahakamani. Aliiba nguo dukani, akakamatwa mlangoni, akakiri kosa. Jaji akamwandikia kifungo cha siku 365, chote kikaahirishwa kwa sharti kwamba asirudie.

"Mama, sikulala ndani hata usiku mmoja," akaniambia. "Jaji alisema niende nyumbani. Kesi iliisha."

Kweli, mahakamani iliisha. Lakini alikuja kwangu kujaza fomu ya kuomba ukaazi wa kudumu, grinkadi, ambayo kila mkimbizi anatakiwa kuiomba baada ya kukaa nchini mwaka 1. Na kwenye fomu ile kesi yake ndiyo kwanza inaanza. Katika kazi hii ya uwakili wa uhamiaji hakuna kinachoniuma kama hili. Mara nyingi kinachowaponza watu wetu ni namna hukumu ilivyoandikwa, kuliko hata kosa lenyewe, na siku hukumu inaandikwa hakuna aliyewaambia kwamba kila tarakimu ina uzito.

Kwanza neno lenyewe: kutiwa hatiani. Mwaka 1996 Bunge la Marekani liliweka katika sheria ya uhamiaji maana yake ya neno hilo, nayo hailingani na ya mahakama za majimbo. Ukikiri kosa, au ukikubali maelezo yanayotosha kukupata na hatia, kisha jaji akakupa adhabu yoyote ile, hata faini, hata kipindi cha kuwa chini ya uangalizi, basi umetiwa hatiani. Jimbo linaweza kukuahidi kwamba ukimaliza mwaka bila tatizo mashtaka yatafutwa, na likatimiza ahadi. Mwajiri akitafuta jina lako haoni kitu. Ofisa wa uhamiaji anaona kila kitu, na kwake hatia iko palepale. Sheria hiyohiyo inasema kifungo kilichoahirishwa kinahesabiwa chote, kana kwamba ulikitumikia hadi siku ya mwisho.

Sasa rudi kwenye karatasi ya yule kijana. Wizi, kama ulivyo ulaghai, umo katika kundi la makosa ambayo sheria ya uhamiaji inayaita ya upotovu wa maadili, na kosa la kundi hilo linaweza kumzuia mtu kupata ukaazi. Upo mlango mdogo wa kutokea. Kosa liwe moja tu, adhabu ya juu inayoruhusiwa na sheria kwa kosa hilo isizidi mwaka 1, na kifungo ulichoandikiwa kisizidi miezi 6. Mawili ya kwanza kijana alikuwa nayo. La tatu lilimshinda. Jaji angeandika siku 90, naye vilevile angekwenda nyumbani jioni ile, na mimi leo ningekuwa najaza fomu ya kawaida.

Kwa mwenye grinkadi tayari, hesabu ni kali zaidi. Wizi ulioadhibiwa kwa kifungo cha mwaka 1 au zaidi, hata kama kimeahirishwa, unaingia kwenye orodha ya makosa mazito kabisa ya uhamiaji, yale ambayo mtu akishayapata karibu kila njia ya kujitetea asirudishwe kwao inafungwa. Siku 365 zinaingia. Siku 364 haziingii. Majimbo kadhaa yamelielewa hilo yakarekebisha sheria zao: Washington mwaka 2011 na New York mwaka 2019 yalishusha adhabu ya juu ya makosa madogo kutoka siku 365 hadi 364. Siku moja imepunguzwa kwenye kitabu cha sheria ili mtu asitenganishwe na watoto wake kwa kosa dogo. Majimbo mengine bado yana siku 365, na humo ndimo siku moja inapaswa kuombwa kwa mdomo, na wakili, mbele ya jaji.

Wakili ana wajibu wa kuiwazia siku hiyo. José Padilla, mzaliwa wa Honduras, dereva wa lori, alikuwa mkaazi halali wa Marekani kwa zaidi ya miaka 40 na alitumikia jeshi la nchi hiyo wakati wa vita vya Vietnam. Alikamatwa Kentucky na mzigo wa bangi. Wakili wake akamwambia asihofu habari za uhamiaji, amekaa nchini muda mrefu. Akakiri, na kukiri kukamweka kwenye njia ya kufukuzwa. Mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Marekani ilisema wakili wa kesi ya jinai lazima amweleze mteja asiye raia kama kukiri kwake kunaweza kumfukuzisha nchini. Kwa hiyo ukisimama mahakamani, hata na wakili uliyepewa bure na serikali, una haki ya kumuuliza: nikikiri hili, makaratasi yangu yatakuwaje? Uliza kabla ya kufungua mdomo kukiri. Baadaye huwa ni vigumu mno. Mwaka 2019 Mwanasheria Mkuu wa Marekani aliamua kwamba jaji akipunguza kifungo kwa huruma tu, uhamiaji utaendelea kukihesabu kile cha mwanzo, mpaka pawe na dosari ya kisheria katika kesi yenyewe.

Bangi inahitaji aya yake, maana vijana wengi wanadanganywa na mabango ya madukani. Colorado na majimbo mengine mengi yameiruhusu. Sheria ya uhamiaji ni ya serikali kuu, na serikali kuu haijairuhusu. Hata bila kesi, kumwambia ofisa kwamba uliwahi kuvuta kunaweza kuharibu ombi lako. Na hapa pana mtego ambao wenye grinkadi hawaujui. Mtu aliyepatikana na hatia mara moja tu ya kuwa na bangi isiyozidi gramu 30 kwa matumizi yake mwenyewe hawezi kufukuzwa kwa kosa hilo akiwa ndani ya nchi. Lakini akitoka, tuseme amekwenda Mombasa kuzika mama yake, anaporudi uwanja wa ndege anaweza kuhesabiwa kama mtu anayeomba kuingia upya, na kwa anayeomba kuingia kipengele cha gramu 30 hakimkingi. Atalazimika kuomba msamaha maalumu, ambao hutolewa kwa masharti. Ukiwa na kesi yoyote ya zamani, muone wakili kabla ya kukata tiketi.

Walio nyumbani wanaoomba viza ya uhamiaji, kwa ndoa au kwa bahati nasibu, wao hutakiwa kuleta cheti cha tabia njema cha polisi, na cha nchi nyingine waliyoishi mwaka 1 au zaidi. Ulipowahi kukamatwa panahitaji cheti hata kama ulikaa wiki moja. Usifiche. Fomu inauliza kama umewahi kukamatwa, popote, hata kama uliachiwa. Nimeona kesi ya ugomvi wa baa ambayo isingemzuia mtu, lakini aliandika "hapana", na uongo ule ukawa kizuizi cha maisha, kizito kuliko ugomvi wenyewe.

Yule kijana, kwa bahati, ni mkimbizi. Wakimbizi wana msamaha mpana kuliko waombaji wengine: kwa sababu za kibinadamu, kwa kutotenganisha familia, au kwa maslahi ya umma, makosa mengi yanaweza kusamehewa, isipokuwa machache kama biashara ya dawa za kulevya. Makosa ya ukatili husamehewa kwa nadra sana. Nguo za dukani si ukatili. Nilimwomba alete nakala ya hukumu yenye muhuri wa mahakama, hati za mshahara kutoka ghala anakofanya kazi usiku, barua ya mchungaji, na vyeti vya hospitali vya mama yake, ambaye yeye ndiye humpeleka kusafishwa figo mara tatu kwa wiki. Halafu tukaanza kuandika maelezo yake, kwa Kiswahili kwanza. Alipofika kwenye ile siku ya dukani alinyamaza kidogo, akauliza kama ni lazima aandike kwamba nguo zilikuwa za mama. Nikamwambia aandike.